Kichekesho cha Kiingereza Hakipimwi kwa Kifaransa

Swali ni lile lile, liulizwe kwenye darasa la jioni mjini Likasi, kwenye ofisi ya kampuni ya madini au kwenye foleni ya malori mpakani Kasumbalesa. Kama comique ni comic, ridicule ni ridiculous, spirituel ni spiritual na hystérique ni hysterical, kwa nini walimu wa Kiingereza wanayafanya maneno ya kuchekesha kuwa somo gumu? Anayeuliza ni mtu aliyesoma. Kifaransa anakijua vizuri, na anaamini kimeshamfanyia nusu ya kazi: abadilishe mwisho wa neno, basi, Kiingereza kimepatikana. Kwa maneno ya maabara imani hiyo haimdhuru, kwa kuwa acide ni acid na sulfate ni sulphate. Kwa maneno ya kicheko inamharibia kazi, na haifai kuendelea kubembelezwa.

Spirituel ndiyo inayoponza wengi. Kwa Kifaransa, un homme spirituel anaweza kuwa mtu wa roho, lakini anaweza pia kuwa mtu wa ulimi mwepesi, anayejibu papo hapo na kuwaacha wenzake wakicheka. Mwambie mgeni kutoka Ndola, Zambia, kwamba mkurugenzi ni very spiritual, naye ataelewa kwamba bwana huyo ni mtu wa kusali sana. Kiingereza hakina ile maana ya pili. Neno linalotakiwa ni witty, na kwa sababu halifanani na spirituel kwa sura, mwanafunzi aliyezoea kubadilisha miisho hawezi kulifikia hata akikesha.

Comédien nayo ni hivyo hivyo. Katanga ina mfano mzuri: Mufwankolo wa Lubumbashi na kundi lake, waliochekesha watu kwa Kiswahili redioni na kwenye televisheni. Mwanaanthropolojia Johannes Fabian alitoa kitabu kizima mwaka 1990 kuhusu mchezo wao mmoja wa mwaka 1986, Le pouvoir se mange entier. Mtu kama Mufwankolo ni comédien kwa Kifaransa na comedian kwa Kiingereza, kwa kuwa anaigiza na anachekesha. Lakini Mfaransa humwita comédien hata mwigizaji anayeliza watu jukwaani kuanzia mwanzo hadi mwisho. Huyo kwa Kiingereza ni actor, na kumwita comedian ni kumvunjia heshima.

Halafu kuna ridicule, na hapa pesa inaingia. Mfaransa akisema un prix ridicule, mara nyingi anasema bei ni ndogo mno, karibu na bure. Mzambia akisikia your price is ridiculous, mara nyingi anasikia lawama: bei imepita kiasi, muuzaji hana aibu. Mfanyabiashara wa Likasi aliyetaka kusifu bei nafuu anaweza kukuta ameanzisha ugomvi, asijue umetoka wapi. Wala hakuna kicheko ndani ya ridiculous ya namna hiyo. Neno linaanzia kwenye kucheka, lakini siku hizi linabeba hasira zaidi. You are being ridiculous ni tusi, hata likisemwa kwa sauti ya chini.

Kwa nini maneno ndugu ya lugha hizi mbili yametengana hivi? Historia ya humour inatosha kueleza. Mzizi wake ni Kilatini, unyevu wa mwilini. Waganga waliomfuata Hippocrates walihesabu maji manne mwilini na kusema ndiyo yanayoamua tabia ya mtu. Kifaransa kikabaki na humeur, yaani hali ya moyo, ndiyo maana shefu aliyeamka vibaya ana mauvaise humeur. Uingereza ililichukua neno kutoka Ufaransa, ikaligeuza polepole kuwa kipaji cha kuona la kuchekesha katika maisha, na katika karne ya 18 Wafaransa wakaliazima tena likiwa na maana hiyo mpya. Ndiyo sababu Kifaransa kina humeur na humour, na mwenye haraka huyachanganya yote mawili.

Pale ambapo Kifaransa kingesaidia kweli, watu hawakitumii. Drôle ina maana mbili, ya kuchekesha na ya ajabu, na funny pia inazo zote mbili. Vita ya miezi isiyo na mapigano, kuanzia Septemba 1939 hadi Mei 1940, Wafaransa waliiita drôle de guerre, na hakuna aliyedhani ilichekesha. Basi fundi Mzambia katika kiwanda kama vile vya Shituru mjini Likasi, ambako shaba husafishwa kwa asidi, akisimama karibu na matangi na kusema there is a funny smell here, hacheki. Anasema kuna harufu asiyoielewa, na kila mtu anapaswa kuacha kazi na kuangalia. Mfanyakazi aliyekariri kwamba funny ni ya kuchekesha atatabasamu na kuendelea. Ndiyo hatari ambayo karatasi za maneno hazisemi. A funny noise kwenye injini ni hitilafu. Maziwa yenye ladha ya funny ni ya kumwaga. Funny business kwenye hesabu za mizigo ni wizi.

Imani ya kubadilisha mwisho wa neno imezaa nyingine: kwamba maneno haya ni ngazi. Karatasi za fotokopi huyapanga kutoka chini kwenda juu, amusing, funny, hilarious, hysterical, na mwanafunzi anauliza lipi lina nguvu zaidi. Swali halina maana. Msemaji wa Kiswahili haulizi kama kejeli ni utani ulioongezwa moto. Anajua kwamba utani una ruhusa ya ukoo au urafiki, kwamba mzaha hauna nia mbaya, na kwamba kejeli na dhihaka zina mtu wa kuumizwa. Waingereza nao hupanga hivyo. H. W. Fowler, katika kamusi yake ya matumizi ya Kiingereza ya mwaka 1926, aliweka jedwali la maneno manane ya jamii hii, humour, wit, satire, sarcasm na mengine, akayatenganisha kwa lengo, kwa uwanja, kwa njia na kwa hadhira. Safu ya ukali haimo.

Likasi yenyewe ina ushahidi kwamba maneno haya si ngazi. Septemba 1961, mji ukiwa bado unaitwa Jadotville, wanajeshi wa Ireland zaidi ya 150 wa Umoja wa Mataifa, chini ya kamanda Pat Quinlan, walizingirwa hapa na jeshi la Katanga. Wakatuma ujumbe kwa redio kwamba watashikilia hadi risasi ya mwisho, na kwamba whisky kidogo ingewafaa. Ujumbe huo ukiitwa hilarious, askari wanadharauliwa. Comic haifai, kwa kuwa hapakuwa na maigizo. Neno lake ni wry: kichekesho cha mtu aliye ndani ya shida, akiisema shida yenyewe bila kucheka. Ngazi ya fotokopi haina mahali pa kuliweka.

Kwa anayehitaji Kiingereza kesho asubuhi, mambo ni machache. Funny inatosha mara nyingi. Ukimaanisha ajabu, sema strange. Witty ni ya ulimi na akili. Humorous ni ya hotuba na maandishi. Comic ni ya sanaa ya vichekesho, na comical ni ya kitu kilichochekesha bila kukusudia, kwa hiyo mtu asiambiwe hivyo usoni. Hilarious ni ya marafiki, isiingie kwenye ripoti. Hysterical iachwe kabisa, maana ndivyo anavyoelezwa pia mtu aliyepagawa baada ya ajali. Ridiculous na laughable yasipelekwe kwa mkubwa, kwa mteja wala kwa afisa wa mpakani. Kwenye simu, fungua kamusi ya Kiingereza kwa Kiingereza na usome mifano yake kabla ya maana. Na kiwandani, mtu akisema funny na uso wake hauchangamki, muulize hapo hapo: funny how?