Ritifaa Inayokula Pesa

Katika toleo hili nataka tuangalie jambo dogo ambalo wengi wetu twalipuuza, nalo ni tofauti kati ya herufi na baiti. Huenda ukauliza, "Sasa hayo yananihusu nini mimi?" Yanakuhusu sana, maana shule ikiwatumia wazazi ujumbe mfupi wa simu, inaulipia.

Kwanza, baiti ni nini? Tarakilishi haijui A wala B. Yenyewe huhifadhi nambari tu, na baiti moja hutosha nambari kuanzia 0 hadi 255. Mwaka wa 1992, Ken Thompson na Rob Pike walibuni utaratibu wa kuandika herufi uitwao UTF-8, ambao ndio umeenea leo. Humo, herufi a hadi z huchukua baiti 1 kila moja. Herufi ĩ na ũ za Gĩkũyũ huchukua 2. Ritifaa iliyonyooka (') huchukua 1, lakini ile iliyopinda (’), ambayo programu ya Word hupenda kutuwekea, huchukua 3!

Hebu tupime. Fungua lahajedwali ya Excel, kisha katika seli A1 weka neno ng’ombe lenye ritifaa iliyopinda. Fomula =LEN(A1) itakupa 7. Hata =LENB(A1), inayosemekana kuhesabu baiti, itakupa 7 kwenye tarakilishi iliyowekwa Kiingereza. Basi fanya hivi:

1. Katika B1 andika =UNICODE(MID(A$1,ROW(),1)) halafu uivute hadi B7. Kila herufi itatoa nambari yake.
2. Katika C1 andika =1+(B1>127)+(B1>2047) uivute hadi C7. Kila swali kwenye mabano likiwa kweli, huongeza 1.
3. Katika C8 andika =SUM(C1:C7).

Jibu ni 9, si 7. Ukitazama B3 utaona 8217. Huyo ndiye mhalifu wetu.

Sasa turudi kwa simu. Ujumbe mfupi una nafasi ya baiti 140, na una hesabu yake tofauti na UTF-8. Herufi za kawaida hubanwa hadi 160 zikaenea humo. Lakini ikiingia ritifaa moja tu iliyopinda, au ũ moja, ujumbe wote huandikwa kwa baiti 2 kila herufi, na nafasi zinabaki 70. Chukua tangazo la mkutano wa wazazi lenye herufi 150. Lilikuwa ujumbe 1. Sasa litakatwa vipande 3, kwani kila kipande hubeba herufi 67 tu. Kwa wazazi 400, unalipia jumbe 1,200 badala ya 400. Kweli, kikulacho ki nguoni mwako!

Je, tuache kuandika ng'? Hasha! Kosa si la lugha, ni la umbo la ritifaa. Fomula =SUBSTITUTE(A1,UNICHAR(8217),"'") huinyoosha mara moja. Nazo ĩ na ũ je? Hizo ni tahajia sahihi, na kuziondoa ni kuharibu maneno ya watu. Heri tufupishe ujumbe kuliko kuikata lugha ya mama.

Kwa hivyo mwenzangu, kabla ya kutuma, pima. Kazi kwako!