UVIMBE WA MAJI BAADA YA KUPASULIWA MGONGO



Wengi wetu hapa Bugoye na Kasese nzima twaishi kwa nguvu za mgongo: magunia ya kahawa, marobota ya pamba, mifuko ya saruji. Baadhi yetu wamekwisha kupasuliwa kiunoni, nao huuliza: mbona maji yanajikusanya penye mshono? Tuelewane.

Maji hayo ni hasa ya namna mbili. Namna ya kwanza ni majimaji ya mwili yanayojaza nafasi iliyoachwa na kisu chini ya ngozi. Uvimbe ukiwa mdogo, mara nyingi mwili huyanyonya kwa majuma machache, lakini lazima daktari auone.

Namna ya pili ni ya hatari zaidi. Mishipa ya fahamu ndani ya uti wa mgongo huzungukwa na maji maangavu yaliyofungwa katika utando. Utando ukitoboka, maji huvuja. Dalili yake kubwa: kichwa huuma ukikaa au ukisimama, hupoa ukilala. Mshono nao waweza kutiririsha maji kama ya kisimani. Mahali maji yanapotokea, vijidudu vyaweza kuingia, vikaleta homa ya uti wa mgongo.

Kwa hiyo, usitoboe uvimbe, usiukande kwa maji moto, usipake dawa za miti. Funika mshono kwa kitambaa safi, uende kituo cha afya cha Bugoye au hospitali ya Kagando au Bwera. Wao wataamua kama kuna haja ya kupelekwa Mbarara au Mulago. Gari likipatikana, usipande pikipiki, safiri umelala. Daktari aweza kuamuru ulale siku kadhaa, au kushona upya na kuziba utando.

Usingoje kukuche ukiona homa, shingo kukakamaa, usaha, miguu kulegea, ganzi sehemu za siri au mkojo kuziba.

Kama mgongo uliumia kazini, Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2000 yamdai mwajiri gharama za matibabu. Toa taarifa mapema kwa maandishi, utunze kila karatasi ya hospitali. Usirudi kubeba mizigo mpaka daktari aandike kwamba waweza. Anayeshurutishwa kurudi kabla ya hapo amwone mwakilishi wa chama siku hiyo hiyo. Gunia hupata mbebaji mwingine. Mgongo hauna wa badala.