Mabaka Yanayowasha Yasiyokoma: Chanzo Kinatafutwaje?



Mtu akiwashwa mwili miezi mingi, jambo la kwanza kufanywa nyumbani ni kumkataza chakula: leo dagaa, kesho mayai, kesho kutwa karanga na maharage. Kwa kaya ya Chemba inayotegemea ugali wa mtama au uwele na mboga chache, hasara hiyo ni kubwa, hasa kwa mtoto. Ndiyo maana tunaeleza hapa jinsi chanzo kinavyotafutwa.

Kwanza, je, ni mzio kweli? Baka la mzio huvimba, huwasha, kisha hutoweka lenyewe ndani ya saa 24, hata kama jingine litatokea mahali pengine. Upele ni ugonjwa tofauti. Huwasha zaidi usiku, hukaa katikati ya vidole, kwenye viwiko vya mikono na kiunoni, na mara nyingi huwapata watu kadhaa wa nyumba moja. Huo hutibiwa kwa kuwapaka dawa wote wa nyumba hiyo kwa wakati mmoja. Kubadili chakula hakusaidii.

Pili, daftari. Kila mabaka yanapotokea, andikeni siku na saa, chakula kilicholiwa, dawa iliyomezwa, kuumwa na wadudu, kazi iliyofanywa, jua au baridi. Mzio wa chakula kwa kawaida hujitokeza ndani ya saa mbili, na hurudi kila chakula hicho kinapoliwa. Dawa zisisahauliwe: aspirini, penisilini na dawa za salfa huweza kuleta mabaka.

Kulinganisha namna hii ndiko kulikosaidia wilaya yetu mwaka 2016, ugonjwa wa ini ulipowapata watu 68 katika mikoa ya Dodoma na Manyara na 20 wakafariki. Watafiti walilinganisha mahindi ya kaya zenye wagonjwa na ya kaya zisizo na wagonjwa, na chanzo kikaonekana: sumukuvu.

Tatu, daftari lisipoonyesha kitu. Mabaka yanayojirudia kwa zaidi ya wiki sita mara nyingi hayatokani na chakula wala uchawi. Kinga ya mwili yenyewe huamsha mwasho bila kuchokozwa na kitu cha nje. Hapo mgonjwa huhitaji dawa ya mzio isiyoleta usingizi, kama setirizini, kila siku kwa maelekezo ya mganga, si siku ya kuwashwa tu. Wengi hupona, ingawa huweza kuchukua miezi au hata miaka.

Hatari. Midomo au ulimi ukivimba, pumzi ikibana au mtu akizirai, apelekwe hospitali mara moja. Baka linalokaa zaidi ya siku moja, linalouma na kuacha alama, lionwe na mganga.

Tunaziomba kamati za parokia zimsaidie mgonjwa kuanza daftari kabla ya kuchangisha fedha za vipimo, na alichukue anapokwenda zahanati. Wafadhili wetu, nauli ya kwenda kwa mtaalamu wa ngozi ni msaada mkubwa. Kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi kilichopo KCMC, Moshi, kimekuwa kikiandaa wataalamu hao tangu miaka ya 1990. Na mtoto asinyimwe yai kwa kudhani tu.