Divai ya nyumbani na divai ya dukani: tupige hesabu yote

Tangu wiki mbili swali moja linarudi katika ujumbe wangu. Mdogo wetu mmoja anayemaliza licence mwaka huu ameona picha ya binamu yake wa Montréal: chupa 30 za divai zimepangwa mezani, na maneno chini kwamba zote zimetoka katika katoni moja. Akaniandikia: « Yaya, tuagize hiyo kit, tutengeneze hapa Butembo, tutauza nusu ya bei ya duka. » Wengine wawili wameuliza jambo lile lile. Juu nilisoma agronomia, na juu kwetu ninatengeneza divai ya mananasi, wanaona mimi njo wa kujibu. Najibu kwa hesabu.

Kwanza, kit yenyewe. Ni katoni yenye mfuko wa maji ya zabibu yaliyopunguzwa maji, sache ya hamira ya divai ya gramu 5, udongo mwepesi wa kusafisha unaoitwa bentoniti, dawa za kulinda divai isiharibike, na karatasi ya maelezo. Mtu anamimina ndani ya ndoo, anaongeza maji mpaka litri 23, anatia hamira, anafunika. Kisha wiki nne mpaka nane, kulingana na aina ya kit, anajaza chupa 30 hivi. Kit ya bei ndogo ina maji mazito kidogo, na maji mengi unaongeza wewe. Ile ya bei kubwa inaweza kufika kilo 15 na zaidi, na maji ya kuongeza ni machache. Unaelewa mapema tofauti ya ladha inatoka wapi.

Sasa, kwa nini watu wa Kanada na Uingereza wanapenda jambo hili? Wengi wanafikiri ni juu zabibu ya kit ni rahisi. Hapana. Angalia Uingereza, ambako hesabu ni wazi. Kuanzia Agosti 2023 kodi ya pombe juu ya chupa moja ya divai ya kawaida ilikuwa pauni 2.67, na juu yake kuna TVA ya 20%. Chukua chupa ya pauni 5 dukani. Toa TVA, senti 83. Toa kodi, pauni 2.67. Inabaki pauni 1.50 ya kulipa kioo, kizibo, etiketi, meli, faida ya duka, na mwishoni kabisa mkulima wa zabibu. Divai yenyewe ndani ya chupa ile ni ya senti tu. Lakini mtu anayetengeneza nyumbani kwa kunywa yeye na jamaa yake halipi ile kodi. Katika Québec, ambako binamu anaishi, sehemu kubwa ya divai inapita kwa SAQ, kampuni ya serikali, nayo inaweka faida yake juu ya bei. Kwa hiyo kit inamwokolea mtu kodi, kioo na safari. Zabibu yenyewe haina neno kubwa katika hesabu ile.

Fanya tena hesabu ile na chupa ya pauni 10. TVA ni pauni 1.67, kodi ni ile ile 2.67, inabaki pauni 5.66. Bei imeongezeka mara mbili, lakini pesa inayobaki kwa divai na kazi yake imeongezeka karibu mara nne. Njo maana divai ya nyumbani inaishinda kirahisi chupa ya bei ya chini kabisa, na inashindwa mara nyingi na chupa ya bei ya katikati. Mtu akikuambia kit yake ni sawa na divai ya bei kubwa, muulize kama alizionja zote mbili siku moja, bila kuona etiketi.

Turudi Butembo. Divai ya duka inashuka Mombasa, inavuka Kenya na Uganda kwa lori, inaingia Kasindi, inalipa duane, inapita OCC, inapanda njia mpaka kwetu. Chupa ya chini kabisa katika duka ninaponunua mimi ni dola 5. Katika hizo dola 5, divai iliyomo inaweza kuwa mbaya kabisa, lakini safari yake ni ya kweli na imelipwa. Sasa ukiagiza kit ya kilo 15 kutoka Montréal, unafanya nini? Unalipa ndege ama meli kusafirisha maji ya matunda, kuyaleta katika inchi ambako mananasi yanaoza sokoni msimu ukifika. Ile pesa binamu anaokoa, wewe unairudisha yote kwa usafiri.

Kwa hiyo tulinganishe kitu chetu na kitu cha duka. Hii ni hesabu ya bidoni yangu ya mwisho ya litri 20, kwa bei nilizolipa mimi. Wewe weka za soko lako.

Mananasi 25, dola 10. Yalinipa litri 15 za maji. Sasa hapa elimu yetu inaingia kazini. Ili kupata digri 1 ya alkooli katika litri moja unahitaji gramu 17 hivi za sukari. Nikitaka digri 12 katika litri 20, ni 17 × 12 × 20, yaani kilo 4 na kidogo. Maji ya mananasi yangu yalikuwa na gramu 125 hivi za sukari kwa litri, kwa hiyo litri 15 zilileta karibu kilo 1.9. Niliongeza kilo 2.2 za sukari ya duka, dola 3.30, na maji yaliyochemshwa mpaka kufika litri 20. Watu wanaotia sukari kwa macho tu wanapata leo divai ya digri 8, kesho dawa tamu ya kikohozi. Hamira ya divai niliyoletewa kutoka inje, dola 2. Makaa na malimao, dola 1.50. Nilipotenganisha divai na machicha chini, nilipoteza litri 2. Ikabaki 18, yaani chupa 24. Chupa zilizokwisha kutumika, na vizibo, senti 30 kwa moja, jumla dola 7.20. Yote pamoja: dola 24. Dola 1 kwa chupa!

Wengi wanasimama hapo na kupiga picha. Tuendelee. Bidoni, mpira wa kutoa hewa na densimetri viligharimu dola 18. Nikivigawanya kwa bidoni sita, ni dola 3 kila mara. Kazi yangu: kumenya, kukamua, kuosha (kuosha njo kazi kubwa, hakuna anayekuambia), kujaza chupa, masaa 8. Nikijilipa dola 1 kwa saa, ambayo ni kidogo kwa mtu mwenye diploma, lakini wote tunajua hali, tunafika dola 35, yaani karibu dola 1.46 kwa chupa. Bado ni chini ya theluthi ya chupa ya dola 5. Kwa mtu anayetaka kunywa, kupokea wageni, ama kusaidia sherehe ya ndugu, hesabu imekwisha: atengeneze.

Je, ladha? Nitasema ninavyoona. Divai nyeupe ya dola 5 iliyokaa juani nyuma ya lori na kisha miezi katika duka lenye joto, mananasi yangu yanaishinda. Ile ya dola 12 iliyotunzwa vizuri, hapana, haina haja ya kubishana. Na divai ya mananasi haipendi kuzeeka: mimi nainywa kati ya mwezi wa tatu na wa tisa, kabla harufu yake haijafifia. Divai ya zabibu ya kit, kinyume chake, mara nyingi inahitaji kukaa nusu mwaka hata kama karatasi inasema wiki sita. Kuna jambo lingine ambalo duka linauza na mimi sina: chupa ya kumi ni sawa na ya kwanza. Na katika doti, wakwe wanaangalia etiketi. Mutu anaweza kucheka, lakini ile nayo ni thamani, watu wanailipia.

Sasa « tutauza ». Hapa njo nataka wadogo wanisikilize, juu najua wako wanaotaka kuweka akiba yao yote humo. Siku unapouza, vile vyote ulivyookoa vinarudi mlangoni. Chupa ya zamani ya bia haikubaliwi katika duka la heshima. Toa ile senti 30; inabaki dola 1.16 ya divai na kazi. Ongeza chupa mupya na kizibo, dola 1.20 niliyoambiwa na muuzaji. Etiketi na usafiri, senti 40. Tumefika dola 2.76. Weka faida yako ya senti 50, na dola 1 ya mwenye duka: 4.26. Ukishakuwa kampuni inayolipa TVA, 16% yake ni senti 68. Jumla dola 4.94. Na bado sijaweka aksizi ya pombe, vipimo vya OCC, wala chupa zinazovunjika njiani. Umefika kwa bei ya Mhispania, na yeye ana etiketi inayojulikana. « Nusu ya bei » imetoweka, na hakuna aliyekuibia.

Sisemi haiwezekani. Mtu akinunua mananasi mia kadhaa moja kwa moja shambani, akawa na mashine ya kukamua, akarudisha chupa kwa wateja wake wa hoteli mbili tatu, hesabu inabadilika, hasa upande wa chupa. Lakini ile ni kampuni, na inaanza na kutafuta chupa kabla ya kutafuta nanasi. Bibi zetu wa kasiksi walielewa zamani: mteja anakuja na bidoni yake.

Neno juu ya usalama, maana nimeulizwa kama divai ya nyumbani inapofusha macho. Matunda yanapochacha yanatoa metanoli kidogo sana. Hatari kubwa iko kwa pombe ya kupikwa na kukusanywa mvuke na mtu asiyejua, ama ile iliyochanganywa na alkooli ya kiwandani. Usipike divai yako kuifanya kali. Hatari mbili za kweli kwetu ni zingine. Ya kwanza ni bidoni: tumia iliyobeba mafuta ya kula ama maji, kamwe si ile ya dawa ya shamba ama mazuti, hata ukiiosha mara ishirini. Ya pili ni kufunga chupa mapema. Densimetri ikisoma chini ya 1.000 na isibadilike kwa siku tatu, funga. Ikiwa bado inashuka, gesi itavunja kioo, na kioo kinaruka.

Kwa hiyo kwa mdogo wangu: usiombe binamu katoni. Muombe sache kumi za hamira ya divai, ni gramu 50 tu, zinaingia katika mfuko wa shati. Hamira ya mkate inafanya kazi, lakini inachoka mapema na inaacha harufu ya mkate. Muombe densimetri moja, aifunge ndani ya soksi, ni kioo. Na metabisulfiti ya potasi kidogo: robo ya kijiko cha chai inatosha litri 20, na mwenye pumu aambiwe kabla hajakunywa. Maji ya matunda tunayo. Akipata hivyo vitu kabla msimu wa mananasi haujaisha, apite kwangu siku ya posho na bidoni yake, tutakamua pamoja.