Mtoto asiyeweza kula ngano ale nini?

Katika nyumba nyingi za mjini, mtoto hunywa chai kwa mkate asubuhi, hubeba mandazi shuleni na jioni hungojea chapati. Lakini wapo watoto ambao vyakula hivi huwadhuru.

Ngano, shayiri na rai zina protini iitwayo gluteni, ambayo ndiyo hufanya unga uliokandwa uvutike. Kwa mtoto mwenye ugonjwa wa siliaki, gluteni hufanya kinga ya mwili ishambulie utumbo wake mwenyewe. Huenda akahara mara kwa mara, akafura tumbo, akapungukiwa na damu au akadumaa. Mnamo 1950 daktari Willem Dicke wa Uholanzi alionyesha kwamba watoto kama hawa hupata nafuu wakiondolewa ngano. Hadi leo tiba ni hiyo hiyo, tena ya maisha yote.

Ikiwa unashuku mwanao ana ugonjwa huu, usikimbilie kumnyima mkate. Mpeleke kwanza kwa daktari akapimwe damu, kwani akiacha ngano mapema vipimo huweza kukosa kuuonyesha ugonjwa.

Habari njema ni kwamba chakula chake kimejaa sokoni. Asubuhi mpe uji wa wimbi au mtama pamoja na nduma, viazi vitamu au mihogo ya kuchemsha. Mchana na jioni kuna ugali, wali, githeri, mukimo na matoke. Shuleni abebe ndizi, njugu karanga, bisi, yai la kuchemsha au bajia za unga wa dengu.

Siku ya sherehe, mpikie vitumbua. Loweka vikombe viwili vya mchele usiku kucha, kisha uusage pamoja na kikombe kimoja na nusu cha tui zito. Tia sukari nusu kikombe, hamira kijiko kimoja cha chai na iliki. Acha uumuke, kisha uchome kwa mafuta kidogo katika chuma cha vitumbua.

Jihadhari na ngano iliyojificha. Unga wa uji uliochanganywa huenda una ngano ndani. Soseji nazo mara nyingi hutiwa unga. Mashine iliyosaga ngano huacha mabaki katika wimbi lako. Usikaange bajia zake katika mafuta yaliyokaangiwa mandazi, wala usitumie kibao cha chapati kwa chakula chake. Hata chembe za mkate zaweza kumdhuru.

Mweleze mwalimu wake, na umfunze mtoto mwenyewe kukataa kwa adabu anapopewa keki na wenzake. Nyumbani, msimtengee sahani yake peke yake kila siku kana kwamba ameadhibiwa. Pikeni wali, maharagwe na sukuma wiki, kisha mle nyote pamoja.