Kumwambia munganga kweli juu ya dawa za akili

Katika parokia zetu wako watu wanaomeza kila siku dawa za magonjwa ya akili, au wanaopigwa sindano kila mwezi. Wako wakristu wa mutaa, wako wakatekista, wako vilevile mapadri na wafratri. Na wengi wao, munganga akiwauliza: «Dawa inaendelea namna gani?», wanajibu: «Vema, munganga», basi wanarudi nyumbani. Kumbe wameziacha tangu majuma matatu, au wanazigawanya nusu-nusu, au mikono inatetemeka nao hawakusema neno. Jibu lile linaharibu kazi yote, na tunataka kueleza kwa nini.

Munganga wa malaria anatazama damu katika mikroskopu, anaona kijidudu. Munganga wa mifupa anapiga picha. Lakini munganga wa akili hana mashine ya kumuonyesha huzuni ya mutu, wala sauti ambazo mugonjwa anasikia peke yake. Chombo chake kikubwa ni maneno ya mugonjwa na ya jamaa yake. Ukimunyima maneno, umemufunga macho. Atafikiri kwamba dawa imeshindwa na ataongeza kipimo chake. Pengine ataondoa dawa nzuri na kuleta nyingine, ijapokuwa ile ya kwanza haikumezwa.

Dawa hizi si za zamani sana. Klorpromazini ilianza kutumiwa kwa wagonjwa wa akili katika hospitali Sainte-Anne ya Paris mwaka 1952, kwa kazi ya waganga Jean Delay na Pierre Deniker. Haloperidoli ilipatikana kule Ubelgiji mwaka 1958, katika maabara ya munganga Paul Janssen. Hata leo zote mbili zinatumiwa katika inchi yetu. Zinasaidia kweli: mutu aliyetembea uchi sokoni anarudi shambani kwake na kula pamoja na watoto wake. Lakini zina uzito wake, na uzito ule ndio watu wanauficha.

Haloperidoli inaweza kukaza misuli, kutetemesha mikono, pengine kupinda shingo na kugeuza macho juu. Jamaa wakiona hivyo wanasema: amelogwa! Wanamupeleka kwa mufumu au kwa watu wa kufukuza pepo, na siku zinapotea bure. Kumbe ni dawa tu, na iko dawa nyingine ya kuondoa hali ile. Ikipigwa kwa sindano, shingo inanyoka kwa dakika chache. Kuna jambo lingine gumu zaidi kutambua. Mugonjwa hawezi kutulia: anaketi, anasimama, anazunguka nyumba, miguu inamuvuta, moyo unawaka ndani. Watu wanasema kichaa kinazidi. Munganga asipoambiwa kwamba hali hii ilianza nyuma ya kupewa dawa, naye atafikiri vilevile, ataongeza haloperidoli, na mateso yatazidi. Neno moja tu lingalitosha: «Ilianza siku ya tatu ya vidonge.»

Klorpromazini inaleta usingizi, na kizunguzungu mutu akisimama kwa upesi. Ngozi pia inaungua haraka juani. Mulimaji aseme kwamba analima muchana kutwa, na mukatekista anayepanda kinga toka kijiji hata kijiji aseme hivyo. Litiumu inahitaji maji na chumvi mwilini, na damu ipimwe mara kwa mara. Mufratri anayetumia litiumu na kufunga bila kunywa maji, au anayehara na kutapika, anaweza kupata sumu kwa dawa yake mwenyewe. Azungumze na munganga mbele ya Kwarezima kuanza, asingojee Ijumaa Kuu.

Yako na mambo ya haya. Dawa nyingine zinapunguza nguvu za mume katika ndoa. Nyingine zinasimamisha damu ya mwezi ya mwanamuke, au zinaleta maziwa bila mimba. Mume anatupa vidonge chooni bila kumwambia mutu, na nyuma ya miezi michache ugonjwa umerudi. Munganga amekwisha kusikia mambo haya mara nyingi, hatacheka. Mwanamuke anayetaka kuzaa aseme mapema, kwa sababu dawa inayoitwa valproati inaweza kuharibu mutoto tumboni; lakini asiiache yeye peke yake, abadilishiwe. Vilevile mugonjwa ataje lutuku anayokunywa, majani aliyopewa kijijini, na dawa za kifua kikuu, maana rifampisini inapunguza nguvu ya haloperidoli. Na kama feza zilikosa za kununua dawa, aseme: «Sikupata feza.» Si zambi.

Kuuliza «Je, niache sasa?» kunaruhusiwa kabisa. Kuacha kwa siri na kwa gafula, ndiko kubaya. Munganga akikubali, atapunguza polepole, akitazama. Ajue pia mwenye kutibiwa huzuni kwamba dawa yake haimuinui kwa siku tatu. Inaomba majuma mawili hata mane, pengine zaidi.

Sasa, wafratri na mapadri. Wao wanaogopa kwamba neno litafika kwa rekta au kwa askofu, na njia ya upadri itafungwa. Tuseme wazi. Kanoni 1041 haikatazi mutu kwa sababu anameza kidonge. Inakataza yule ambaye, nyuma ya kuuliza wenye ujuzi, anahukumiwa kwamba ugonjwa wake unamufanya asiweze kutimiza kazi ile sawasawa. Mwenye kutibiwa vizuri na mwenye kujificha si sawa mbele ya hukumu hiyo. Kanoni 220 inalinda siri ya moyo wa kila mutu, naye munganga amefungwa na siri ya kazi yake. Sisi tunamuogopa zaidi mufratri anayeficha vidonge chini ya godoro kuliko yule anayevimeza mezani.

Wengine wanasema yote katika kitubio na hawasemi kitu kwa munganga. Muungamishi hana ujuzi wa kupunguza kipimo, na akimwambia mugonjwa atupe dawa kwa sababu Mungu amemuponya, anakosa vibaya. Asome sura ya 38 ya Yoshua bin Sira, inayoheshimu kazi ya munganga na dawa zinazotoka udongoni.

Mbele ya kwenda hospitali, mugonjwa aandike katika karatasi, au mukatekista amuandikie: vidonge vingapi, siku gani hakumeza, analala saa ngapi, nini kimebadilika mwilini. Ndugu anayemusindikiza aseme aliyoyaona, kisha atoke, mugonjwa abaki kidogo na munganga peke yao. Kama munganga anapita mara moja tu kwa mwezi, karatasi ile ipelekwe kwa muuguzi wa dispanseri. Shingo ikipinda, aitwe siku ileile.