"Nzuri, Ila..."

Ni Januari, shule ndiyo kwanza zimefunguliwa. Bwenini masanduku bado yako njiani. Mmoja anatandika kitanda, mwingine anagawa karanga za kwao. Na maneno, usiseme!

"Habari za nyumbani?"

"Nzuri. Mkrismasi wetu umechanua, uwanja mzima mwekundu. Za kwenu?"

"Nzuri tu. Nilikuwa namsaidia mjomba dukani, kusimama kutwa mpaka miguu inavimba."

"Na yule mtoto wa mbwa?"

"Amekua. Ila siku hizi kawa mkali, sijui kapatwa na nini. Juzi kanin'gata kidole. Kidogo tu."

Wote wanacheka, halafu maongezi yanahamia kwenye maembe.

Hebu tusimame hapo kwanza. Katika maongezi hayo mafupi kuna mambo mawili ya afya. Kwanza, kule kuongea kwenyewe kunaujenga mwili. Pili, imepita hapo habari inayoweza kuua mtu, na hakuna aliyeisikia.

Kupiga soga si kupoteza wakati

Wakubwa wengine wakiwaona mmekaa mnaongea husema mnachezea muda. Kama kesho kuna mtihani, kweli wana haki! Lakini mwili wa binadamu unahitaji wenzake.

Mwaka 1997 watafiti wa Marekani wakiongozwa na Sheldon Cohen walitoa matokeo ya jaribio moja la ajabu kidogo. Watu wazima 276 wenye afya nzuri walikubali kutiwa puani matone yenye virusi vya mafua. Wote walitiwa, lakini si wote walioumwa. Wale waliokuwa na uhusiano na watu wa aina nyingi, yaani ndugu, marafiki, majirani, watu wa kazini na wa dini, waliugua kidogo. Waliokuwa na uhusiano wa aina 1 hadi 3 tu walikuwa na uwezekano wa kuugua zaidi ya mara 4 kuliko waliokuwa na aina 6 au zaidi.

Rafiki si chanjo, usinielewe vibaya. Ila ukiwa na wasiwasi, mwili humwaga homoni za kukuweka tayari kupambana au kukimbia. Moyo unaenda mbio, misuli inakaza. Hali hiyo ikidumu siku nyingi, usingizi unapotea na kinga ya mwili inayumba. Kuongea na mtu unayemwamini husaidia kuutuliza mwili.

Mwaka 2025 Shirika la Afya Duniani lilieleza kwamba mtu 1 kati ya 6 duniani anasumbuliwa na upweke, na vijana ni miongoni mwa wanaosumbuliwa zaidi. Upweke si kukaa peke yako. Mnaweza kulala 40 bweni moja, na mmoja wenu akawa hana wa kumwambia neno.

Habari yenyewe iko nyuma

Sisi tukiulizwa habari, tunajibu "nzuri" au "salama" hata kama nyumbani kuna mgonjwa. Huo si uongo, ndiyo adabu yetu. Habari yenyewe inakuja nyuma: "Nzuri, ila baba kaachishwa kazi." "Salama, ila usiku silali."

Ni wachache wanaoanza kwa kusema "nina tatizo". Mtu huanza na mbwa, na duka, na maua ya mkrismasi. Anakupima kama unasikiliza. Habari ndogo ikipita hewani, ile kubwa ataimeza.

Turudi kwa yule mbwa

Mbwa aliyebadilika tabia ghafla na kung'ata anaweza kuwa na kichaa cha mbwa, hata akiwa mdogo, hata akiwa wa nyumbani kwenu. Virusi vyake viko kwenye mate, na kidonda kidogo kinatosha kuvipitisha. Dalili kwa binadamu mara nyingi huchukua miezi 2 au 3 kutokea. Zikishatokea, karibu hakuna anayepona.

Lakini kabla ya hapo ugonjwa huu unazuilika:

* Osha kidonda mara moja kwa sabuni na maji mengi yanayotiririka, kwa dakika 15.
* Nenda hospitali siku hiyohiyo ukapate chanjo, na umalize sindano zote.
* Usipake pilipili, udongo wala majani.
* Kama siku zimepita, nenda leo. Usisubiri kuona kama mbwa atakufa.
* Toeni taarifa kwa bwana mifugo.

Kilichotakiwa bwenini kilikuwa swali moja tu: "Amekung'ata lini, na umekwenda hospitali?"

Wewe ufanyeje?

Uliza swali la pili. La kwanza ni salamu, la pili ndilo linaonyesha unajali.

Usimpiku mwenzio. "Hiyo si kitu, mimi je!" inafunga mdomo wa mtu.

Usitangaze ulichoambiwa. Lakini kama rafiki ameng'atwa na mnyama, anapigwa, anashikwashikwa, au anasema amechoka kuishi, hiyo si siri ya kubaki nayo wawili. Msindikize kwa mwalimu mnayemwamini, kwa matroni au kwa muuguzi. Kama anaogopa kusema, anza wewe kusema.

Na wewe mwenye habari, usiogope. Wazee walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Tamka hiyo "ila" yako.

Jioni hii muulize mwenzako habari za nyumbani. Akijibu "nzuri", usiondoke kwanza. Ngoja kidogo.